Kumpata dalali wa mikopo ya nyumba wa eneo lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayenunua nyumba kwa mkopo, na pia kwa mwenye mkopo tayari anayefikiria kuuhamishia kwenye masharti nafuu. Mifano yote ya hesabu imewekwa kwenye mkopo wa milioni 100. Weka sarafu yako na kiasi chako, mwenendo wa hesabu haubadiliki.

Dalali wa mikopo ya nyumba anafanya kazi gani hasa?

Anachukua kipato chako, madeni yako na nyumba unayoitaka, anavipima kwa masharti ya wakopeshaji anaofanya nao kazi, kisha anapeleka maombi kwa yule ambaye masharti yake yanakufaa. Dalali anayeijua kazi haishii hapo. Anasoma nyaraka zako kabla benki haijaziona, anajibu maswali ya idara ya mikopo, anamfuatilia mthamini, na anaangalia tarehe ya mwisho ya barua ya ofa isije ikapita huku muuzaji bado anatafuta saini.

Hana mamlaka ya kuidhinisha mkopo. Uamuzi ni wa mkopeshaji peke yake, kwa hiyo dalali anayekwambia "umeshapita" kabla faili halijasomwa anakuahidi kitu asichokuwa nacho. Usimchanganye pia na dalali wa nyumba, ambaye analipwa nyumba ikiuzwa, wala na afisa mikopo wa benki, ambaye anauza mikopo ya mwajiri wake tu.

Kwa nini nisiende benki mwenyewe?

Unaweza kwenda, na kwa baadhi ya watu ndiyo njia bora. Mwajiriwa wa kudumu mwenye mshahara unaopitia benki ileile kwa miaka, asiye na madeni mengine, na anayenunua nyumba yenye hati safi, mara nyingi atapata masharti mazuri kwa benki yake bila mtu wa kati. Hata kama utamtumia dalali, chukua kwanza ofa ya benki yako. Ndiyo kipimo utakachompimia.

Dalali anaonyesha thamani yake pale ambapo jambo lako halikai kwenye fomu ya kawaida: kipato cha biashara, kazi ya mkataba, nyumba ambayo ujenzi haujaisha, ununuzi wa watu wawili wenye vipato tofauti, au historia ya mkopo iliyowahi kuchelewa. Kila mkopeshaji ana namna yake ya kuyahesabu haya. Mmoja anahesabu nusu ya kodi ya pango unayopokea, mwingine haihesabu kabisa. Mmoja anakubali miezi sita ya mzunguko wa biashara, mwingine anataka miaka miwili ya hesabu zilizokaguliwa. Kujua nani anakubali nini ndiyo bidhaa unayoinunua kwake.

Kuna haja gani ya dalali awe wa eneo langu?

Riba haitegemei mtaa wa dalali. Kinachotegemea eneo ni nyumba yenyewe. Dalali wa eneo anajua wathamini gani wanakubaliwa na benki gani, na usajili wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya pale unachukua muda gani. Anajua pia maeneo ambayo wakopeshaji huyakwepa kwa sababu ya mafuriko, migogoro ya mipaka au umiliki wa kimila usiosajiliwa. Anajua kuwa jengo fulani la ghorofa lina deni la huduma ambalo limeshakwamisha wanunuzi kadhaa. Mtu aliye mbali atayagundua haya baada ya wewe kulipia uthamini, na ada hiyo hairudi.

Kama nyumba yako ni ya kawaida, kwenye eneo lililopimwa na lenye mauzo mengi, dalali wa mbali anayefanya kazi kwa simu na mtandao anatosha. Ujuzi wa aina yako ya kipato una uzito kuliko ukaribu wa ofisi.

Nitampata wapi?

Anza na rejista ya mamlaka inayotoa leseni, siyo na tangazo. Kisha waulize watu wanaoona kazi yake kwa ndani: wakili au mtaalamu wa uhamisho wa hati, mthamini, mhasibu wako. Hao wanajua mafaili ya nani hufika yamekamilika na ya nani hurudishwa. Jirani aliyenunua mwaka huu ni shahidi mzuri pia, mradi umuulize maswali mahususi: riba uliyoahidiwa mwanzoni ndiyo uliyosaini? Kulikuwa na ada iliyojitokeza mwishoni? Uliongea na nani mambo yalipokwama?

Pendekezo la dalali wa nyumba lipokee kwa tahadhari. Huenda ni la kweli, lakini huenda pia wawili hao wanagawana kamisheni. Muulize wazi kama analipwa kwa kukuelekeza huko.

Nitahakikishaje kwamba ana leseni?

Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Chukua namba ya leseni na jina kamili, kisha uvitafute mwenyewe kwenye rejista rasmi. Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliwataka waandikishwe kwenye rejista ya kitaifa ijulikanayo kama NMLS, na mtu yeyote anaweza kumtafuta dalali humo bure. Uingereza, rejista iko kwa FCA, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha. Australia iko kwa ASIC, tume inayosimamia kampuni na huduma za fedha, na tangu Januari 1, 2021 madalali wa huko wanawajibika kisheria kuweka mbele maslahi ya mteja. Penye sheria zisizowataja madalali wa mikopo kwa jina, uliza benki kuu au mamlaka ya huduma za fedha, halafu piga simu kwa mkopeshaji anayetajwa na dalali na uulize kama wana makubaliano ya kazi na mtu huyo.

Angalia mambo manne: leseni iko hai, jina linafanana na la mtu aliye mbele yako, kampuni anayoitaja ndiyo iliyosajiliwa, na hakuna adhabu iliyoandikwa. Leseni ya kampuni haimfuniki kila anayetembea na kadi yake ya biashara.

Analipwa na nani, na kiasi gani?

Swali hili ndilo linaloeleza mwenendo wake kuliko yote. Kuna njia tatu. Mkopeshaji anamlipa kamisheni, kwa kawaida asilimia ndogo ya mkopo, ukishatolewa. Au wewe unamlipa ada, ya kiwango maalumu au ya asilimia. Au vyote viwili. Marekani, dalali haruhusiwi kulipwa na pande zote mbili kwa mkopo mmoja. Kwingine inaruhusiwa mradi aseme.

Kamisheni ya asilimia 1 kwenye mkopo wa milioni 100 ni milioni 1. Mkopo ukipanda hadi milioni 120, naye anapanda hadi milioni 1.2. Kwa hiyo ana sababu ya kukushauri ukope zaidi, na ana sababu ya kumpendelea mkopeshaji anayelipa asilimia kubwa. Hilo halimfanyi kuwa mwizi, ila linakupa haki ya kujua. Mwambie akuandikie kamisheni ya kila mkopeshaji aliyekuonyesha, siyo ya yule aliyemchagua tu.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakisomi. Mkopeshaji anaweza kudai kamisheni irudishwe iwapo utalipa au kuhamisha mkopo mapema, pengine ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baadhi ya madalali huweka kwenye mkataba wao kwamba hasara hiyo utaibeba wewe. Kitafute kabla ya kusaini.

Ada inayodaiwa kabla kazi yoyote haijafanyika ni ya kukataa. Gharama halali za mwanzo, kama uthamini au taarifa ya mikopo, zilipwe kwa anayetoa huduma hiyo na zitolewe risiti.

Kikao cha kwanza nimuulize nini?

Unafanya kazi na wakopeshaji wangapi, na mwaka huu umepeleka mafaili kwa wangapi kati yao? Tofauti ya namba hizi mbili inasema mengi. Anayedai ana benki 30 lakini mafaili yake yote huenda kwa mbili ni wakala wa benki mbili. Muulize pia ni wakopeshaji gani wa eneo hili asioweza kuwafikia, ili uwaendee mwenyewe.

Kisha mpe hali yako halisi na umwombe akutajie sababu ya kwanza ambayo mkopeshaji anaweza kuitumia kukukatalia. Dalali mwenye uzoefu ataitaja palepale: kazi umeanza juzi, marejesho ya gari ni makubwa, hati ina majina mawili. Asiyeona tatizo lolote kwa mtu yeyote hajasoma masharti.

Malizia na nani hasa atashughulikia faili lako siku hadi siku. Mara nyingi aliyekukaribisha siyo utakayempigia.

Niandae nyaraka gani?

Orodha inatofautiana, lakini kiini chake ni hiki: kitambulisho ambacho muda wake haujaisha, hati za mshahara za miezi mitatu hadi sita, barua au mkataba wa ajira, taarifa za benki za miezi 6 hadi 12, taarifa za kila deni ulilonalo, taarifa yako kutoka taasisi ya taarifa za mikopo, na uthibitisho wa chanzo cha malipo ya awali. Upande wa nyumba kuna nakala ya hati, matokeo ya upekuzi wa ofisi ya ardhi, mkataba wa mauziano, ramani na vibali vya ujenzi, na risiti za kodi ya ardhi.

Taarifa za benki ndizo zinazoangusha watu. Kila fedha kubwa iliyoingia bila maelezo itaulizwa. Ukipewa zawadi na mzazi ili utimize malipo ya awali, pata barua yake iliyosainiwa inayosema kuwa ni zawadi na hairudishwi, pamoja na taarifa ya akaunti fedha ilikotoka. Ukiweka fedha taslimu benki wiki moja kabla ya kuomba, jiandae kueleza zilitoka wapi. Ni afadhali ziingie mapema, zikae miezi kadhaa.

Majina nayo yalingane. Kitambulisho kikiwa na majina matatu na hati ya mshahara mawili, au herufi moja ikitofautiana, tafuta kiapo cha majina kabla, usisubiri faili lirudishwe.

Nina biashara yangu, sina hati ya mshahara. Nitapata mkopo?

Utapata, lakini kipato kitakachohesabiwa si mauzo yako. Mkopeshaji anatazama faida iliyobaki baada ya gharama na kodi, mara nyingi wastani wa miaka miwili, na mwaka wa pili ukiwa chini ya wa kwanza anaweza kuchukua ule mdogo. Hapa ndipo mazoea ya kupunguza faida kwenye hesabu za kodi yanapomgeukia mfanyabiashara: faida aliyoificha kwenye kodi haiwezi kumsaidia kwenye mkopo. Asikuongoze mtu kutengeneza hesabu mbili. Nyaraka za kughushi kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai, na anayesaini ni wewe, siyo dalali.

Tenganisha akaunti ya biashara na ya nyumbani angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba. Jilipe kiasi kilekile kila mwezi, tarehe ileile. Faili la namna hiyo linasomeka.

Nitajuaje kiwango ninachoweza kukopa?

Wakopeshaji hutumia vizingiti viwili, na kinachofunga mapema ndicho kinachoamua. Cha kwanza ni marejesho yako yote ya mwezi yakilinganishwa na kipato. Wengi huanza kusita yakizidi theluthi moja hadi asilimia 40 au kidogo zaidi ya hapo. Cha pili ni mkopo ukilinganishwa na thamani ya nyumba. Mkopo wa asilimia 80 unamaanisha malipo ya awali ya asilimia 20, na ukizidi hapo mara nyingi unatakiwa kulipia bima ya ziada inayomlinda mkopeshaji, siyo wewe.

Thamani inayotumika ni ndogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani ya mthamini. Mkikubaliana 100 na mthamini akasema 90, mkopo wa asilimia 80 ni 72, siyo 80. Hiyo 8 inayopungua itatoka mfukoni mwako, au bei ishuke, au ununuzi ufe. Ndiyo maana mkataba wa mauziano unatakiwa kuwa na kipengele kinachokurudishia malipo yako ya awali iwapo mkopo hautatoka.

Nilinganishe vipi ofa alizoniletea?

Weka ofa zote kwenye mkopo uleule, muda uleule, tarehe ileile. Kisha tazama mambo matano: riba, namna inavyokokotolewa, ada zote za kuanzia, bima za lazima, na faini ya kulipa mapema. Rejesho la mwezi peke yake linadanganya.

Mfano. Mkopo wa milioni 100 kwa miaka 20, riba asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio linalopungua (yaani inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu), una rejesho la takriban 1,101,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 11 ni takriban 1,032,000. Tofauti ya 69,000 kwa mwezi inaonekana ya kuvumilika, lakini kwa miezi 240 inafika milioni 16.5.

Sasa zilinganishe hizi mbili: ofa ya asilimia 11 yenye ada za kuanzia za milioni 4, na ya asilimia 11.4 yenye ada za milioni 1. Rejesho la ya pili ni takriban 1,059,500, yaani 27,400 zaidi. Ukipima kwa rejesho tu, ile milioni 3 uliyotanguliza kwenye ofa ya kwanza inarudi baada ya miezi kama 110. Kwa kuwa deni la ofa ya kwanza hupungua haraka kidogo, mahali halisi pa kusawazika ni mapema zaidi ya hapo, ila bado ni miaka mingi. Anayetarajia kuuza au kuhamisha mkopo ndani ya miaka mitano achukue ya pili, ingawa riba yake ni kubwa.

Mwambie dalali akuandikie gharama ya jumla kwa miaka mitano na kwa muda wote wa mkopo. Marekani, mkopeshaji analazimika kukupa makadirio rasmi ndani ya siku tatu za kazi baada ya maombi, na takwimu za mwisho angalau siku tatu za kazi kabla ya kukamilisha. Pasipo na sheria hiyo, jiwekee sharti hilohilo: usisaini karatasi uliyoiona siku ileile.

Ofa moja ina riba ya asilimia 8 na zote nyingine ziko juu ya 12. Ni bahati?

Uliza riba inakokotolewa juu ya nini. Kama ni juu ya mkopo wote wa mwanzo, mwaka hadi mwaka, bila kujali umeshalipa kiasi gani, basi asilimia 8 ya milioni 100 kwa miaka 10 ni milioni 80 za riba, na rejesho ni 1,500,000 kwa mwezi. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, hiyo ni takriban asilimia 13.1. Iliyoonekana nafuu ndiyo ghali.

Inawezekana pia kuwa 8 ni riba ya utangulizi, ya mwaka mmoja au miwili, kisha inapanda. Taka rejesho la mwezi wa kwanza baada ya kipindi hicho, kwa maandishi.

Riba isiyobadilika au inayobadilika?

Jiulize kama kipato chako kitabeba rejesho riba ikipanda kwa pointi mbili. Kwenye mfano wetu, kutoka 11 hadi 13 ni kutoka 1,032,000 hadi karibu 1,172,000. Kama haibebeki, lipia utulivu wa riba isiyobadilika. Kama inabebeka na unatarajia kulipa mapema, inayobadilika mara nyingi ina faini ndogo ya kumaliza deni.

Nina mkopo tayari. Ni wakati gani kuuhamisha kunalipa?

Wengi hukosea hapa, na si kwa uzembe. Hesabu yenyewe inapotosha macho. Rudi kwenye ule mkopo wa asilimia 12 kwa miaka 20. Mwezi wa kwanza, katika 1,101,000 unazolipa, milioni 1 nzima ni riba na 101,000 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka mitano umelipa kama milioni 66, na bado unadaiwa milioni 91.7.

Sasa dalali anakuletea asilimia 10. Ukikopa hiyo 91.7 kwa miaka 15 iliyobaki, rejesho linakuwa takriban 986,000, pungufu ya 115,000. Kama gharama zote za kuhamisha ni milioni 3.5, zitarudi ndani ya miezi 31 hivi, na hadi mwisho utalipa jumla ya milioni 177.5 badala ya 198.2.

Ukirefusha tena hadi miaka 20, rejesho linashuka zaidi, hadi 885,000, na hilo ndilo linalouzwa kwa maneno matamu. Jumla yake ni milioni 212.5. Umepata riba ndogo, umepata rejesho dogo, na umelipa milioni 14 zaidi ya ambavyo ungelipa bila kugusa chochote. Kurefusha muda si kosa kama rejesho la sasa linakukaba kweli, lakini uamuzi huo uufanye ukiwa unaiona hiyo namba.

Kwenye gharama hesabu faini ya kumaliza mkopo wa zamani, uthamini mpya, ada ya mkopeshaji mpya, wakili, kuondoa rehani ya zamani kwenye hati na kusajili mpya, ushuru wa serikali, na bima. Kabla ya hayo yote, ipelekee benki yako ya sasa ofa uliyopata na uombe ipunguze riba. Mara nyingine inakubali, na unaokoa gharama nzima ya kuhama.

Benki mpya iko tayari kuniongezea fedha juu ya deni. Nichukue?

Kama ni kwa ukarabati unaoongeza thamani ya nyumba, au kulipa deni la riba kubwa ambalo hutalirudia, hesabu inaweza kukubali. Kulipia gari au sherehe kwa mkopo wa miaka 15 ni kuweka nyumba rehani kwa kitu kitakachoisha kabla ya deni.

Maombi huchukua muda gani, na hukwama wapi?

Faili lililokamilika linaweza kupata uamuzi ndani ya wiki chache. Kazi ya hati na usajili ndiyo hurefusha safari, na inategemea ofisi ya ardhi ya eneo lako. Vikwazo vya kila siku ni vilevile: hati bado ina jina la marehemu na mirathi haijafungwa, mwenza hajatoa ridhaa ya maandishi, kuna zuio kwenye hati, jengo limezidi mpaka au halina kibali, mthamini aliyetumika hayumo kwenye orodha ya benki. Upekuzi wa hati ufanyike kabla ya kulipia uthamini, siyo baada.

Kwa anayehamisha mkopo, kikwazo kikubwa ni barua ya salio la kumaliza deni kutoka benki ya zamani. Ina tarehe ya mwisho, na riba inaongezeka kila siku. Ikipita, hesabu zinaanza upya.

Kati ya idhini ya awali na fedha kutoka, usibadilishe kazi, usichukue mkopo mwingine hata wa simu, usimdhamini mtu. Wakopeshaji wengi hukagua tena siku chache kabla ya kutoa fedha.

Niongee na madalali wangapi?

Wawili au watatu kwa mazungumzo, mmoja tu kwa kupeleka maombi. Madalali wawili wakipeleka faili lako benki moja, takwimu zikitofautiana hata kidogo, benki husimamisha yote mawili na kuuliza ni lipi la kweli. Mwandikie kila dalali kwamba asipeleke ombi popote wala asichukue taarifa yako ya mikopo bila ridhaa yako. Maulizo mengi ya taarifa hiyo yanaweza kushusha alama zako za ukopaji, ambazo wakopeshaji huzitumia kukupima. Marekani, maulizo ya mkopo wa nyumba yanayofanyika karibukaribu huhesabiwa kama moja, ndani ya siku 14 hadi 45 kutegemea toleo la mfumo wa alama. Si kila nchi ina unafuu huo.

Ni dalili gani za kuniondoa hapo haraka?

Anakutaka usaini fomu zenye nafasi tupu. Anaongeza kipato chako "kidogo tu". Anataka malipo kwenye namba binafsi ya simu. Anabaki na hati yako halisi bila kukuandikia stakabadhi. Anakuharakisha kwa kusema ofa inaisha leo, na hataki uende na karatasi nyumbani kumwonyesha wakili. Mojawapo inatosha.

Mkopo umekataliwa. Dalali anaweza kufanya nini?

Kwanza apate sababu kwa maandishi. Kukataliwa kwa sababu ya nyumba hakukuzuii kununua nyumba nyingine. Kukataliwa kwa sababu ya kipato kunahitaji mkopo mdogo, muda mrefu zaidi au mkopaji mwenza. Kama ni taarifa ya mikopo, ipate na uisome mstari kwa mstari, maana madeni yaliyolipwa zamani kuendelea kuonekana kama hayajalipwa ni jambo la kawaida. Peleka risiti, omba isahihishwe, subiri marekebisho yaonekane, ndipo uombe tena. Dalali anayepeleka faili lilelile kwa benki ya pili siku hiyohiyo anakuongezea kukataliwa kwa pili.

Dalali ameacha kupokea simu katikati ya maombi. Nifanyeje?

Wasiliana na mkopeshaji moja kwa moja, utaje jina lako na namba ya maombi, uulize faili liko hatua gani na nini kinakosekana. Omba namba hiyo siku maombi yanapopelekwa, pamoja na nakala ya kila ulichosaini, ili siku ya tatizo usianze kutafuta. Kisha mwandikie dalali, siyo kumpigia, umpe tarehe ya mwisho ya kujibu. Ikipita, mwandikie mkopeshaji kwamba umeondoa idhini ya dalali huyo kukuwakilisha. Kabla ya hapo soma mkataba wake: baadhi humpa haki ya ada hata ukimwacha, endapo ndani ya miezi kadhaa mkopo utatoka kwa mkopeshaji ambaye dalali huyo alikutambulisha kwake. Malalamiko yapeleke kwanza kwa kampuni yake, na usiporidhika, kwa mamlaka iliyompa leseni, ukiambatanisha barua na risiti kwa mpangilio wa tarehe.